Sambaza Nilizopeleka Krakovia

Jumamosi iliyopita mama yangu alinituma barabara ya Chaussée de Wavre, hapa Bruxelles, kununua sambaza. Ni samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wanaofanana na dagaa, wakavu, macho yao yamebaki wazi kama ya watu walioshtuliwa. Muuzaji alizipima, akazimimina ndani ya mfuko wa karatasi, akauzungushia gazeti, kisha akaniuliza kama nataka na plastiki juu yake, kwa sababu ya basi. Nikakataa. Ndani ya basi mwanamke aliyekaa kando yangu alivuta skafu hadi puani na kugeukia dirishani. Nilikuwa nimeupakata ule mzigo magotini, na sikuusogeza. Nimeandika mengi juu ya ziwa lile, juu ya maji yake na milima yake, na harufu hii sijawahi kuitia hata katika sentensi moja.

Asubuhi ya siku hiyo ilikuwa imefika barua kutoka Polandi. Maseri Bronia amefariki. Maseri ndivyo watu wa Kivu wanavyomwita mtawa wa kike. Barua ilikuwa fupi, ya Kifaransa, imeandikwa na mtawa mwenzake. Mama aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa aproni.

“Enda utuletee sambaza,” aliniambia. “Leo tutakula sambaza.”

Hakusema kwa nini. Nilijua kwa nini. Na nilijua jambo jingine ambalo yeye hakulijua, na ambalo nilikuwa nimelibeba tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Wakati ule tuliishi Ixelles, mama na mimi, chumba kimoja na jiko juu ya duka la vitenge. Tulikuwa tumefika Ubelgiji wawili tu. Baba alibaki kule, chini ya udongo, na hilo halikuongelewa mezani. Mama alisafisha katika hospitali moja ya Woluwe. Alitoka kabla sijaamka, akarudi akinukia javel, ile dawa ya kusafishia sakafu, ncha za vidole vyake zikiwa zimepauka kama zimepakwa unga. Niliamini kwamba javel imemla pua, kwamba hawezi tena kunusa kitu chochote. Mtoto akikosa maelezo hujitengenezea ya kwake, na haya ya kwangu yalinitosha kabisa.

Jina langu ni Bronia. Maseri ndiye aliyenipokea duniani, kwenye maternité, nyumba ya kujifungulia ya kilimani juu ya ziwa, ambako mama alikuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na miwili. Kwetu mtu mwenye jina moja na wewe ni ndoyi wako. Ukikutana naye humwiti kwa jina, maana ni jina lako mwenyewe. Unamwita Ndoyi, na hamwachani mikono mitupu, lazima kila mmoja ampe mwenzake kitu, hata kama ni limau moja. Picha yake ilitundikwa ukutani juu ya redio yetu: mwanamke mweupe mwenye mikono minene, amevaa aproni, amebeba kichanga kilichokunja ngumi. Kichanga kile ni mimi.

Mwaka ule kwaya ya watoto ya parokia yetu ilipata safari. Ilikuwa ile wikendi ndefu ya Kupaa Bwana, sikukuu inapoangukia Alhamisi na shule zikafungwa Ijumaa pia. Tonton Gaspard, kiongozi wetu, alipata basi na mahali pa kulala katika nyumba ya parokia moja ya Krakovia. Nilipolitaja jina hilo nyumbani, mama aliacha kijiko ndani ya sufuria.

“Krakovia? Si ni kule kwabo na Maseri?”

Aliandika barua siku ileile. Jibu lilikuja haraka: Maseri alikuwa anaishi katika nyumba ya watawa wazee, mwendo wa saa tatu kwa basi kutoka Krakovia, na angekuja kuniona Jumamosi saa sita mchana, mbele ya kanisa kubwa la uwanjani. Mama aliisoma barua ile hadi ikalegea kwenye mikunjo.

Wiki moja kabla ya safari alileta sambaza. Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa. Alizilowesha maji, akazianika juu ya radieta, akazilowesha tena, akazianika tena. Siku ya tatu chumba kizima kilinuka kama kuna kitu kimekufa chini ya kitanda.

“Maman, zimeharibika.”

“Ziko muzuri.”

“Zinanuka!”

“Eeh. Inafaa zinuke.”

Nikaiangalia pua yake na kumhurumia. Alijifungia jikoni kuzifunga. Alipotoka alikuwa na mzigo wa ukubwa wa mkate, umevikwa karatasi, kisha kitambaa, kisha ukashonwa kwa uzi mweusi, mishono midogomidogo, kama mtu aliyeshona jeraha.

“Utamupa ku mikono yake. Ku mikono ya mutu mwingine, hapana. Na usifungue. Unanisikia?”

“Ni samaki tu, Maman.”

Aliangalia chini. “Eeh,” alisema. “Ni samaki tu.”

Kitu nilichokitaka mwaka ule kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa na nywele zilizosukwa vizuri na redio ndogo ya kusikilizia masikioni. Nadège alikuwa na miaka kumi na miwili. Wazazi wake walitoka Kinshasa kabla hajazaliwa, na yeye alitembea Matonge, mtaa wetu wa Waafrika pale Ixelles, kama mtoto wa mwenye nyumba. Nilikuwa nimeimba nyuma yake mwaka mzima bila yeye kugeuka. Siku ya kuondoka, Jumatano baada ya shule, aligeuka. Alinitazama, akatazama kiti kitupu kando yake ndani ya basi, akasema, “Wewe, kaa hapa.” Sisi watoto tuliongea Kifaransa kitupu. Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani, ya mama na shoga zake, na nilikivua mlangoni kila asubuhi pamoja na kandambili.

Hadi Ujerumani nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote ndani ya basi lile. Kisha joto likaanza kufanya kazi yake. Nadège alinusa, akainua kiatu chake kukiangalia, akanusa tena. Nikabonyeza mfuko wangu chini ya kiti kwa visigino.

Asubuhi, mpakani mwa Polandi, tulishushwa. Wenzangu walionyesha vitambulisho vyao vya Ubelgiji. Mimi nilikuwa na kijitabu cha buluu cha wakimbizi, na askari wa mpaka alikigeuzageuza kama anatafuta upande wa kukisomea. Akaashiria mfuko wangu. Akafungua zipu, akautoa mzigo wa mama, akausogeza puani.

Sitausahau uso ule. Kichwa kilirudi nyuma chenyewe. Alitamka neno moja la Kipolandi, akautumbukiza mzigo ndani kwa vidole viwili na kufunga zipu mwenyewe, harakaharaka, kama anayefunika shimo. Hakugusa kitu kingine chochote. Kwa mkono aliniambia niende.

“Hata polisi amekimbia!” Nadège alipiga kelele. “Bronia, umebeba nini, maiti?”

“Ni ndakala,” alisema mvulana mmoja nyuma. Ndivyo watu wa Kinshasa wanavyowaita samaki wadogo kama hawa.

“Ndakala gani? Kwetu tunakula ndakala, hazinuki hivi. Hii ni poissonnerie iliyofungwa likizo nzima!”

Basi lote lilicheka. Nikacheka nao. Nilicheka sana, hadi machozi, ili waone kwamba mzigo ule na mimi hatujuani vizuri. Tuliporudi ndani Nadège alihamia kwa Laure, binti wa Kibelgiji aliyeimba sauti ya kwanza, na kutoka huko akawa ananiita Mademoiselle Poissonnerie, Bi Duka la Samaki, kwa adabu zote, kama mhudumu wa hoteli.

Krakovia tulipewa chumba kimoja wasichana watatu, Nadège, Laure na mimi. Walikuwa wamekwisha kuuning’iniza mfuko wangu nje ya dirisha kabla sijakaa kitandani. Alhamisi yote nilitembea nyuma yao hatua nne. Tulipita mbele ya sanamu ya joka linalotema moto wa kweli chini ya ngome ya wafalme, watoto wote wakapiga mayowe, na mimi nilifikiria dirisha tu.

Ijumaa asubuhi Nadège alikuja kukaa kwenye kitanda changu. Hakuwa na hasira. Alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha zaidi.

“Sikiliza, Bronia. Mimi sina shida na wewe. Shida yangu ni huyu mwenzako wa dirishani. Leo, ama yeye ama wewe.”

“Ni vya Maman yangu. Ni vya kumpelekea mtu.”

“Maman yako yuko Bruxelles. Atajua namna gani?” Akanigusa bega. “Na huyo mtu utakuwa umemwonea huruma. Unaweza kumpa mtu kitu kama hicho? Ungependa akupe wewe?”

Hilo ndilo lililonishinda. Nilijiambia kwamba namwokoa Maseri, na kwamba namwokoa mama pia, mama asiye na pua, asije akaaibika mbele ya mzungu wake. Mtoto anaweza kuipamba aibu yake hadi ionekane wema, na sijui kama ukubwani nimewahi kuifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Uwanja mkuu wa Krakovia ulikuwa mkubwa kuliko uwanja wowote niliowahi kuuona. Kulikuwa na njiwa wasiohesabika, farasi waliovishwa manyoya kichwani, na wanawake waliouza mikate ya duara kama bangili kutoka kwenye vigari vya buluu. Katikati limesimama jumba refu la kale walimouza nguo, nalo lina vibanda pande zote mbili. Nilipopita ndani nikafikiri, kumbe ni Galerie d’Ixelles, lile jumba la saluni la kwetu, ila hapa hakuna anayesukwa. Muuzaji mmoja wa shanga aliuliza majina yetu. Aliposikia langu alipiga makofi na kumwita mwenzake. Akaeleza kwa Kiingereza, na Tonton Gaspard akatutafsiria akicheka: ni jina la nyanya zao, siku hizi hakuna binti anayeitwa hivyo.

“Mademoiselle Poissonnerie ni bibi kizee!” Nadège alisema.

Kando ya kigari kimoja cha mikate palikuwa na pipa la taka la chuma. Nilisimama mbele yake, mzigo wa mama mkononi. Nadège na Laure walisimama nyuma yangu, viganja mdomoni, wakisubiri. Ndipo kutoka kwenye mnara wa kanisa, juu kabisa, ikaanza tarumbeta. Wimbo wenyewe ulikuwa wa taratibu, unapanda kama mtu anayepanda ngazi na kuhesabu. Nikaufungua mkono. Mzigo ulianguka ndani ya pipa kwa kishindo kidogo, na palepale tarumbeta ikakatika, katikati ya sauti.

Nilitazama juu. Kulikuwa na kidirisha, na ndani yake kitu cha shaba kilichong’aa, kisha hakikuwepo. Nilijua mpigaji ameniona. Nilijua kwamba mtu yule alikuwa akiupigia mji mzima tarumbeta, akaniona, akashindwa kuendelea.

Lakini Nadège alikwisha kuushika mkono wangu. Alinipachika upande mmoja wa redio yake sikioni, upande mwingine ukabaki kwake, tukawa tunatembea tumefungwa pamoja kwa waya. Laure alinunua mkate mmoja wa bangili tukaukata vipande vitatu. Ulikuwa mtamu. Ningependa kuandika kwamba ulinikwama kooni, lakini haukunikwama. Nilikula na kulamba chumvi vidoleni, na mchana ule wote nilikuwa na rafiki.

Siku ya pili, Jumamosi, Maseri alikuja.

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amepungua kuliko kwenye picha, mgongo umeinama, koti la kijivu, fimbo, na begani mfuko ulioshonwa kwa kitenge. Maua ya kitenge kile niliyajua: mama alikuwa na kipande chake, alikitandika juu ya televisheni. Nilikuwa ngazini mwa kanisa na Nadège na Laure. Tonton Gaspard alisogea kumpokea, lakini yeye alimpita na kuinua fimbo hewani.

“Ndoyi!”

Njiwa waliruka.

“Ndoyi wangu! Jambo! Aa, angalia vile umekuwa mukubwa! Maman yako ako muzima? Munakulaka vizuri kule Bruxelles? Jambo, ndoyi!”

Ilikuwa sauti ya mwanamke wa sokoni Bukavu, kicheko chake na vituo vyake, ikitoka ndani ya bibi wa Kipolandi. Watu waligeuka. Waliona bibi mtawa akipiga kelele kwa lugha isiyojulikana, kisha wakafuata fimbo yake hadi kwangu.

“Huyu bibi anasema nini?” Nadège aliuliza. “Mnajuana?”

“Sijui,” nilisema.

Maseri alikuwa amefika mbele yangu, mikono wazi. Nikamwambia, kwa Kifaransa changu kizuri cha shuleni: “Pardon, Madame. Je ne comprends pas.” Sielewi. Hata sikumwita Maseri; nilimwita Madame. Mimi niliyeelewa kila neno.

Mikono yake ilibaki hewani kidogo, kisha ikashuka. Hakuonekana kukasirika. Alimtazama Nadège, akanitazama mimi, akatazama ule waya uliokuwa umetufunga masikio, na nadhani alielewa yote palepale. Aliwaomba wenzangu watuache dakika chache, akaketi ngazini kwa shida, akapiga jiwe kwa kiganja ili niketi kando yake. Nikaketi, nikaacha nafasi katikati.

“Maman yako aliandika kama unaniletea kitu,” alisema polepole, kwa Kiswahili kilekile.

Nami nikasahau kwamba sielewi. Nikajibu kwa Kifaransa kwamba samaki walikuwa wameoza, nimewatupa.

Hakunicheka. Aliuliza: “Zilikuwa zinanuka?”

Nikaitika kwa kichwa.

“Sana? Sana-sana, kama mutu anaweza kukimbia?”

Nikaitika tena.

Alianza kukisugua kidole cha mkono wa kulia, pale chini kwenye kiungo, ambapo ngozi ilikuwa imebonyea kidogo, laini. Alikisugua muda mrefu. Kisha akasimama. “Unionyeshe,” alisema.

Nilimpeleka hadi kwenye pipa. Lilikuwa limekwisha kumwagwa, mfuko mpya umewekwa, na ndani yake mlikuwa na karatasi mbili tu za aiskrimu. Maseri alinipa fimbo niishike, akainama, akatia mkono wake hadi kwenye kiwiko. Alipapasa pande zote, chini ya mfuko, nyuma ya mfuko. Watu walipita. Mama mmoja alimvuta mtoto wake mbali. Nilimwona Nadège akitutazama kutoka ngazini, nami nikasogea hatua moja, kisha ya pili, nikageukia kigari cha mikate kama mtu anayesoma bei, huku fimbo ya bibi yule ikiwa mkononi mwangu.

Alifuta mkono kwa leso. “Bon,” alisema. Kisha akanishika kidevu, na mkono wake ulinukia taka na sabuni.

“Sikiliza, ndoyi. Nitamuandikia maman yako ati nilikula. Siku utakuwa na nguvu, utamuambia wewe mwenyewe. Kufika siku ile, ni mimi nilikula. Sawa?”

Kutoka kwenye mfuko wa kitenge alitoa soksi nyekundu za sufu, alizozifuma mwenyewe, akaniwekea mikononi. Ndoyi hawaachani mikono mitupu. Mimi nilimrudishia fimbo yake.

Ndani ya basi la kurudi Tonton Gaspard alitueleza habari ya tarumbeta. Zamani sana mlinzi aliupigia mji tarumbeta ya hatari, mshale ukampata kooni, na tangu hapo wimbo hukatwa mahali palepale, kila saa, kila siku. Kumbe hakuna aliyeniona. Nilifarijika, nikalala hadi Ubelgiji. Nilikuwa bado nadhani kosa linahitaji shahidi.

“Ulimupa ku mikono?” mama aliuliza kabla sijavua koti.

“Ndiyo.”

“Alifungua mbele yako?”

“Hapana.”

“Muzuri. Amejua. Yule ni mujanja.” Akacheka peke yake, na wiki ile yote aliimba akikaanga vitunguu.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Mama aliketi mezani, akaisoma kwa sauti. Maseri alikuwa ameiandika kwa Kiswahili: alinisifu, alisema nimefanana na baba yangu kwenye paji la uso, alishukuru. Kisha akaandika: “Sambaza zilifika. Nilikula zote, hata vichwa. Zilikuwa tamu.”

Mama aligeuza karatasi. Nyuma hapakuwa na kitu. Akachukua bahasha, akaitikisa, akachungulia ndani yake kwa jicho moja.

“Hapana,” alisema. “Zile haziliwi. Hata paka haiwezi.”

Ndipo nilipoambiwa. Kila mwanamke alipokuja kujifungua, Maseri alivua pete yake ya nadhiri kabla ya kunawa, akampa mama yangu, na mama akaifunga kwenye pindo la kitenge hadi mtoto atoke. Siku walipokuja kuwahamisha watawa, vita vikiwa vimefika bondeni, Maseri alikuwa na mkono ndani ya mzazi. Alimpokea mtoto, akamkata kitovu, wakamkokota Maseri hadi garini mikono ikiwa bado imelowa. Pete ilibaki kwenye pindo la mama. Aliibeba msituni, mpakani, kambini, kiwanja cha ndege, miaka mitatu, ndani ya sambaza zilizoharibiwa makusudi, kwa sababu hata askari mwenye njaa akizinusa anazirudisha. Na ujanja ule mama alifundishwa na Maseri mwenyewe, wakati wa uporaji wa kwanza, alipoficha dawa za maternité ndani ya samaki wabovu. Harufu ile ilikuwa barua kati yao. Angeinusa tu, angejua atafute pete ndani.

“Kwa nini hukuniambia?” niliuliza.

“Mutoto akijua, macho yake yanasema. Ku mpaka wanaangalia macho.” Alikuwa bado ameshika bahasha. “Maseri wengine waliuliza pete ilibaki na nani. Najua waliuliza. Nilitaka aivae, waone.”

Kisha akasema, taratibu, kama anayesoma mstari ambao haukuandikwa: “Hakufungua. Alisikia harufu, akatupa. Miaka douze tulikula sahani moja, na leo alisikia harufu, akatupa. Na ananidanganya ati zilikuwa tamu.”

Nilikuwa nimesimama kando ya friji. Kila neno alilolisema lilikuwa la kweli, isipokuwa mtu. Ningeweza kuliweka jina langu pale na yote yakakaa sawa. Nilifungua friji, nikachukua maziwa, nikanywa.

Mama aliishusha picha. Hakuitupa, aliisukuma nyuma ya kabati, uso ukutani. Siku chache baadaye alinipeleka kusukwa Galerie d’Ixelles, kwa Maman Furaha, shoga yake aliyejua habari zote za pete.

“Alors,” Maman Furaha aliuliza, vidole kichwani mwangu, “Maseri alifurahi? Alilia?”

“Alifurahi sana,” mama alijibu. “Alilia.”

“Hao ndio wazungu wazuri, ma chère. Wako wachache.”

“Wako wachache,” mama alisema, akaangalia mlango.

Nilisikia vidole vikinivuta nywele, na machozi yangu wote wawili waliyapa sababu hiyo. Maseri alidanganya ili kunifunika mimi. Mama alidanganya ili kumfunika Maseri. Mimi peke yangu nilikuwa nimejifunika mwenyewe. Kadi mbili za Noeli zilikuja kutoka Polandi, mama hakuzijibu, na baada ya hapo hazikuja tena. Nadège alihamia kwaya nyingine mwaka uliofuata. Soksi nyekundu sikuwahi kuzivaa. Zilinibana kabla sijaamua.

Jumamosi nilipofika na mzigo wangu, mama aliumimina kwenye sinia na kuanza kuondoa vichwa. Siku hizi anafanya kila kitu polepole. Pua yake ni nzima. Imekuwa nzima siku zote.

“Alikuwa mutu muzuri,” alisema. “Ile moja tu.”

Nikaketi mbele yake, nikamwambia. Nilimwambia habari ya mpaka, dirisha, Nadège, mkate wa bangili. Nilimwambia yule bibi alivyonisalimia na nilivyomjibu. Nilimwambia habari ya mkono ndani ya pipa. Mama aliendelea kuondoa vichwa hadi nilipofika kwenye pipa, hapo akaacha.

“Pipa ya namna gani?”

“Ya chuma.”

“Ilikuwa na kifuniko?”

“Hapana.”

“Walimwaga wapi?”

“Sijui, Maman.”

Aliuliza kama mtu anayetaka kuvaa viatu aende. Kisha akauliza la mwisho: “Yeye alijua ni pete?”

“Nadhani alijua siku ile ile. Alisema, siku nitakuwa na nguvu nikuambie. Kufika siku ile, ni yeye alikula.”

Mama alifuta mikono kwa aproni, kila kidole. Aliinuka, akaenda nyuma ya kabati. Kabati si lile la Ixelles, tumehama mara mbili, na sikujua kwamba picha ilihama nasi kila mara. Aliifuta vumbi kwa kiwiko, akaisimamisha mezani, ikaegemea sufuria, kati ya sinia la sambaza na mimi. Mikono minene. Kichanga kilichokunja ngumi.

“Miaka yote ile nilimuzarau,” alisema, na hakuwa akisema nami. Kisha akanigeukia. “Mimi utaniomba msamaha kesho. Leo anza na yeye.”

“Maman, amekufa.”

“Alikusalimia, ukakataa kuitikia. Muitikie kwanza.”

Aliketi, akavuta sinia, akasubiri. Nilimwangalia Maseri machoni, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Sambaza zilinuka chumba kizima.

“Jambo, ndoyi,” nilisema.